Uzi: Magenge ya pombe Marekani 1920–1933. Pipa la bia ndilo lililomwaga damu Chicago

#1 Kisiki_Mbele

Wakuu, habari za jioni.

Kila zinapoletwa humu habari za Al Capone, bosi wa genge la Chicago, mjadala unaishia kwenye suti, sigara na bunduki. Naanzisha uzi huu tuiangalie biashara yenyewe: mzigo ulitengenezwaje, ulisafirishwaje, nani alikula wapi, na kwa nini Chicago iligeuka machinjio wakati kwingine watu walipiga hela kimya kimya. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ukitaka kulielewa genge lolote la wakati ule, uliza kwanza lilikuwa linauza bia au pombe kali.

Tuanze na sheria kwa kifupi. Marekebisho ya 18 ya Katiba, yaliyopiga marufuku pombe, yaliridhiwa Januari 1919 na yakaanza kufanya kazi tarehe 17 Januari 1920. Meno yake yalikuwa kwenye Sheria ya Volstead, iliyopitishwa Oktoba 1919 baada ya Bunge kuitupilia mbali kura ya turufu ya Rais Wilson. Kilichokatazwa ni kutengeneza, kuuza, kusafirisha, kuingiza na kutoa nje ya nchi. Kunywa hakukukatazwa. Aliyekuwa amejaza stoo yake nyumbani kabla ya siku hiyo aliruhusiwa kunywa na wageni wake mpaka iishe. Chochote chenye kileo cha asilimia 0.5 au zaidi kilihesabiwa kuwa pombe.

Kosa la kwanza la kutengeneza au kuuza lilikuwa na faini isiyozidi dola 1,000 au kifungo kisichozidi miezi 6. Kusimamia nchi nzima waliwekwa mawakala wapatao 1,500, chini ya Hazina. Na hawa hadi 1927 hawakuwa ndani ya utaratibu wa kawaida wa ajira za serikali, kwa hiyo wengi waliingia kwa vimemo vya wanasiasa. Mtu analipwa mshahara mdogo, kaingia kwa kubebwa, halafu anapewa kazi ya kulinda mlango wa kiwanda chenye mamilioni.

Sasa njoo kwenye pipa. Pipa la bia la Kimarekani ni galoni 31, yaani lita 117 hivi. Bia peke yake ni kama kilo 117, hujahesabu mbao na vyuma vya pipa. Ndani yake kileo ni asilimia 4 tu. Wiski ya asilimia 45 inabeba kileo mara kumi na zaidi kwa uzito uleule. Genge la Chicago lililoongozwa na Johnny Torrio na baadaye Capone liliuza pipa kwa baa bubu kwa dola 50 hadi 55, wakati gharama ya kulitengeneza ilikuwa takribani dola 5. Mwenye baa akipima glasi za mililita 300 anapata glasi 390 hivi, na akiuza kwa senti 25 anaingiza karibu dola 97. Kila mtu anapata. Lakini ili apate, kila wiki lori zito lazima lipite mtaani, lisimame kwenye mlango uleule, lishushe mapipa yaliyojaa na kupakia matupu. Wiski unaificha chini ya kiti. Lori la bia huwezi kulificha, kwa hiyo lazima ununue polisi wa njia nzima. Na ukishanunua polisi wa eneo, eneo hilo linakuwa mali yako, na anayeleta pipa lake humo amekuingilia nyumbani. Vita vya Chicago vilizaliwa hapo.

Karibuni.

#2 Mgeni_Njia

Mkuu Kisiki, asante kwa somo. Swali la kwanza: viwanda vya bia si vilifungwa? Hayo mapipa yalitoka wapi? Au walipikia porini kama gongo?

#3 Kisiki_Mbele

Mgeni, viwanda vingi havikufungwa, na hilo ndilo tundu kubwa kuliko yote. Sheria iliruhusu bia yenye kileo chini ya nusu asilimia. Tatizo ni kwamba namna ya kawaida ya kuipata ni kupika bia kamili kwanza, ikachacha mpaka mwisho kwa hamira, halafu ukaichemsha kileo kitoke. Maana yake kila kiwanda chenye kibali kilikuwa kihalali na bia kamili kwenye matangi yake, siku zote, ikisubiri kuchemshwa. Genge halikuhitaji kujenga chochote. Lilihitaji meneja aruke hatua moja: mpira wa kupakulia unafungwa kwenye tangi kabla ya mtambo wa kuchemshia, mapipa yanajazwa, na vitabuni panaandikwa kwamba limetoka pipa la bia isiyo na kileo.

Njia ya pili ni bia ya sindano. Unanunua kihalali pipa la bia isiyo na kileo, unatoboa karibu na kizibo na kuingiza spiriti. Piga hesabu: kuitoa lita 117 kwenye nusu asilimia na kuifikisha asilimia 4 kunahitaji lita 4 hivi za spiriti safi. Udhaifu wake ni miwili. Gesi inatoroka pipa linapofunguliwa, bia inakuwa bapa isiyo na povu. Na usalama wa mnywaji unategemea kabisa hiyo spiriti imetoka wapi, jambo ambalo Dada Tindikali akipita ataliongea vizuri kuliko mimi.

Njia ya tatu ni viwanda vya kificho ndani ya maghala. Hapa shida ni nyingi. Kimea kikichemka kinanuka mtaa mzima, maji yanatumika kwa wingi usioelezeka, machicha yanajaa na lazima yatolewe, na bia ya aina waliyoizoea Wamarekani inataka wiki kadhaa za kutulia kwenye baridi. Wenye haraka waliiuza ikiwa bado mbichi, yenye mawingu ya hamira, na tumbo la mnywaji lilitoa taarifa usiku huohuo.

Mfano wa njia ya kwanza ni kiwanda cha Sieben, Chicago. Dean O'Banion, bosi wa upande wa kaskazini, alikuwa mbia pamoja na Torrio na Capone. Alipopata habari kwamba msako unakuja, akamwambia Torrio kwamba anastaafu na kumuuzia hisa zake kwa dola 500,000. Tarehe 19 Mei 1924 polisi wakavamia, Torrio akiwa ndani. Kwa O'Banion kukamatwa kungekuwa kosa la kwanza, faini na kurudi nyumbani. Torrio alikuwa ameshatiwa hatiani mwaka uliotangulia, kwa hiyo hili la pili lilimaanisha jela, na akapigwa miezi tisa. Tarehe 10 Novemba 1924 O'Banion akauawa ndani ya duka lake la maua, mkabala na Kanisa Kuu la Holy Name. Januari 1925 Torrio naye akapigwa risasi mbele ya nyumba yake, akapona, akamwachia Capone kila kitu. Mfuatano wote huo wa visasi ulianzia kwenye hisa za kiwanda kimoja cha bia.

#4 Tindikali

Nimefika. Kisiki, pongezi kwa uzi. Nichukue upande wa spiriti maana ndiko walikofia wanywaji wengi.

Spiriti ya viwandani haikupigwa marufuku. Rangi, manukato, dawa, filamu, vyote viliihitaji. Ili isinywewe, serikali ilitaka itiwe kitu cha kuiharibu: methanoli, na vingine vya kuleta harufu au uchungu. Mtu mwenye kibali alichukua shehena bila kulipa ushuru wa pombe, kwa maelezo kwamba anatengeneza, tuseme, manukato. Kampuni ya manukato ilikuwepo kwenye karatasi tu. Shehena inauzwa kwa kampuni ya pili, ya pili kwa ya tatu, na mkaguzi akifuata nyaraka anafika kwenye ofisi yenye meza moja na hakuna mtu. Wakati huo mzigo uko kwenye mtambo wa kusafishia.

Kusafisha nako si kama wengi wanavyodhani. Methanoli inachemka kwenye nyuzi 64.7 za Selsiasi, ethanoli kwenye 78.4. Kwenye karatasi inaonekana kuna nafasi ya nyuzi karibu 14, basi unatupa kinachotoka mwanzo na kubakiza kinachofuata. Kwa mtambo wa sufuria na bomba hilo halifanyiki. Mvuke unatoka umechanganyika, methanoli nyingi inatangulia lakini nyingine inaendelea kutoka na ethanoli hadi mwisho. Kuitenganisha vizuri kunahitaji mnara mrefu wenye sahani nyingi ndani, mvuke upande na kushuka mara nyingi, na mpishi mvumilivu. Magenge makubwa yaliajiri wanakemia kwa ajili hiyo. Wadogo walikadiria kwa pua, na pua haitofautishi methanoli na ethanoli.

Mwilini ini linaibadili methanoli kuwa formaldehidi, kisha asidi ya fomiki. Hiyo asidi ndiyo inayoua mshipa wa jicho. Mtu analewa kawaida, analala, na saa kumi na mbili au ishirini baadaye ndipo macho yanaanza kuona ukungu. Kuchelewa huko ndiko kulikowaponza, maana aliyekunywa jana akaamka salama alidhani chupa ni nzuri, akaimalizia.

Mwishoni mwa 1926 serikali iliamua kuongeza sumu makusudi, na fomula mpya zikafikisha methanoli hadi asilimia 10 hivi. Krismasi ya mwaka huo hospitali za New York zilijaa. Charles Norris, mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jiji hilo, na mwanakemia wake Alexander Gettler, walikuwa wakipima maiti hizo na Norris akasema hadharani kwamba serikali inajua watu watakunywa na bado inatia sumu. Nakubaliana naye kwa kila neno. Waliokufa walikuwa maskini. Tajiri alikunywa wiski ya Kanada.

#5 Mgeni_Njia

Dada Tindikali, hili la serikali kuongeza sumu limenishtua. Kwa hiyo genge likitengeneza lenyewe toka sukari linakuwa salama zaidi?

#6 Tindikali

Kwa methanoli, ndiyo. Sukari ya mahindi ikichachuliwa kwa hamira haitoi methanoli ya kutisha. Ndiyo maana uzalishaji wa sukari ya mahindi Marekani ulipanda mara kadhaa katika miaka ya 1920, na si kwamba watu walianza ghafla kupenda pipi.

Akina Genna wa Mtaa wa Taylor, Chicago, walifanya hivyo kwa mfumo wa nyumba kwa nyumba. Walikuwa na kibali cha spiriti ya viwandani kama kivuli, lakini mzigo mkubwa ulitoka kwenye mitambo midogo waliyoigawa kwa familia za wahamiaji wa Sisilia. Familia ilipewa mtambo, sukari na hamira, ikalipwa dola 15 kwa siku kwa kuchochea moto na kuangalia. Polisi wa kituo cha Maxwell walikuwa kwenye orodha ya malipo ya kila mwezi. Hatari hapo ilikuwa nyingine: moto wa gesi karibu na mvuke wa spiriti ndani ya jiko dogo. Bomba likiziba kwa povu la mchachuko, shinikizo linapanda mpaka kifuniko kinaruka. Na mtambo ukiungwa kwa madini ya risasi au ukitumia rejeta ya gari kama kipozeo, sumu ya risasi inaingia kwenye kinywaji chenyewe.

Ila ngoja niwape mkasa mbaya kuliko methanoli. Kulikuwa na dawa ya tumbo inayoitwa tangawizi ya Jamaika, ikiuzwa kihalali kwenye chupa ndogo, kileo asilimia 70 hadi 80. Sheria ilitaka iwe na tangawizi nyingi kiasi cha kuwa chungu isiyonyweka. Mkaguzi alipimaje? Alichemsha sampuli hadi ikauke, akapima uzito wa mabaki. Watengenezaji wakapunguza tangawizi na kutia vitu vingine vya kuongeza uzito wa mabaki, kama molasi au mafuta ya mbarika. Mwaka 1930 watu wawili wa Boston, Harry Gross na Max Reisman, wakatafuta kitu cha bei nafuu kisicho na ladha wala harufu na kisichokauka kwenye moto wa mkaguzi. Wakapata kemikali ya kulainishia plastiki na vanishi, trikresili fosfati. Ilifaulu kipimo. Lakini aina iliyotumika inaua mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Wiki moja hadi tatu baada ya kunywa, nyayo zinalegea, mtu anatembea kwa kuinua goti juu na kupiga mguu chini kwa sababu kidole hakinyanyuki. Maelfu kwa maelfu walipooza, wengi Kusini na kati mwa nchi, na wengi hawakupona. Gross alifungwa miaka miwili. Miwili!

Mkaguzi alipima uzito wa mabaki, wauzaji wakamuuzia uzito. Hakuna aliyekuwa anapima sumu.

#7 Nahodha_Tanga

Kisiki, unavyosema bia ndiyo kila kitu unaisahau bahari. Wiski iliyoingia kwa meli ilijenga New York nzima ya wakubwa wa magenge kina Rothstein, Costello na Lansky.

Mwanzoni mpaka wa bahari ulikuwa maili 3. Meli za bendera ya Uingereza zikitokea Nassau zilitia nanga nje kidogo ya hapo, zikajipanga mbele ya New York na New Jersey kama soko, bei zikitangazwa ubaoni. Boti ndogo zilifuata mzigo usiku na kushusha kwenye bandari bubu za Long Island na Jersey. Mwaka 1924 Marekani na Uingereza wakakubaliana: mpaka wa kukamata ukawa umbali wa mwendo wa saa moja wa chombo, takribani maili 12. Huo ndio uliowaua wavuvi wadogo. Maili 3 unakwenda na boti ya kasia yenye injini ndogo, maili 12 usiku kwenye mawimbi ya Atlantiki zinataka boti kubwa ya kasi. Wenye fedha wakafunga injini za ndege za Liberty zilizobaki kwenye vita, nguvu farasi 400 kila moja, wakazipita meli za doria. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kuzuia magendo iliwafukuza wadogo na kuwakabidhi soko wakubwa.

Bill McCoy, nahodha wa magendo, ndiye aliyeleta ufungaji bora. Makasha ya mbao yalikula nafasi, yalipiga kelele na kuvunjika. Yeye alipanga chupa 6 kwa piramidi, tatu chini, mbili kati, moja juu, kila moja ndani ya nyasi kavu, akashona gunia likabana. Chombo kilekile kikabeba zaidi, na gunia linarushwa toka mkono hadi mkono gizani bila chupa kugongana. Wengine wakatia chumvi ndani ya gunia: doria ikikaribia unatupa mzigo baharini, unazama, chumvi ikiyeyuka baada ya muda gunia linaelea na unarudi kuliokota. Shida ni mkondo wa maji. Ukikosea kiasi cha chumvi, gunia linaibuka mahali ambapo wewe haupo.

McCoy alikamatwa Novemba 1923 na akaachana na kazi. Waliobaki wakaingia kwenye redio na simu za mafumbo. Askari wa pwani wakamweka Elizebeth Friedman, mfumbuzi wa mafumbo, na ushahidi wake mwaka 1933 kule New Orleans uliangusha viongozi wa mtandao uliokuwa na makao Vancouver. Tuseme ukweli, mama huyu na kalamu yake ya risasi walifanya kazi kuliko meli kadhaa za doria.

Na usisahau Detroit. Mto unaoitenga na Windsor ya Kanada ni chini ya maili moja pembamba pake. Hadi 1930 Kanada iliruhusu kusafirisha pombe nje, kwa hiyo mtu alijaza fomu kwamba boti yake inakwenda Cuba, akalipa, akavuka mto, na alasiri boti ileile inaondoka tena kwenda Cuba. Baridi ikikaza walivuka kwa magari juu ya barafu, milango wazi ili waruke kama barafu ikipasuka, na mbao ndefu za kuwekea juu ya nyufa. Magari mengi yako chini ya mto ule.

#8 Kisiki_Mbele

Nahodha, umeniongezea nguvu hoja yangu. Angalia ulichoandika: mzigo wa bahari ni mwepesi kwa thamani, unahitaji mtaji, meli, mkopo na mnunuzi wa jumla. Huhitaji kumiliki mtaa. Ndiyo maana kwa miaka mingi wakubwa wa New York waliweza kuwa wabia, Wayahudi, Waitaliano na Waairishi katika shehena moja. Walioshika bia huko huko New York walirudi kwenye tabia ya Chicago: Dutch Schultz wa Bronx alilazimisha baa zichukue mapipa yake kwa kipigo.

Na mpaka polisi walipoanza kufikiri kama wafanyabiashara ndipo bia ilipoumia. Kikosi cha mawakala wa marufuku cha Eliot Ness, kule Chicago, kiliacha kufuata mapipa yaliyojaa, kwa sababu hayo yanalindwa. Wakafuata matupu. Pipa ni ghali na halitupwi, linarudi kuoshwa na kujazwa tena. Walikaa nje ya baa, wakafuata lori la matupu hadi mahali pa kuoshea, na kutoka hapo hadi kiwandani. Mlango walikuwa wanaubomoa kwa lori lililofungwa bamba la chuma mbele, wengine wakiwa na ngazi juu ya paa na mlango wa nyuma, maana misako ya zamani ilikuwa inakuta sufuria za moto na hakuna mtu.

#9 Hati_Idhini

Mwongezeeni Remus kwenye hesabu, maana yeye hakuwa na bia wala meli. George Remus, wakili aliyewahi pia kuwa mfamasia, aliisoma Sheria ya Volstead akaona kwamba wiski ya dawa inaruhusiwa: daktari anaandika cheti, mgonjwa anapata painti moja kwa siku 10. Wiski iliyopikwa kabla ya 1920 ilikuwa imefungiwa kwenye maghala ya serikali, hasa Kentucky na jirani. Akahamia Cincinnati, akanunua viwanda pamoja na wiski iliyokuwa ghalani, akanunua kampuni za dawa ziwe na haki ya kuitoa, akanunua vibali, kisha magari yake yakiwa njiani yakatekwa na watu wake mwenyewe. Kwenye vitabu ni wizi. Mzigo unakwenda sokoni kwa bei ya magendo.

Mambo yaliharibika pale yeye na wabia wake walipochukua ghala la Jack Daniel's St. Louis mwaka 1923. Walipitisha mpira hadi jengo la pili, wakanyonya mapipa karibu 900 na kujaza maji. Mkaguzi alipofungua, kipimo cha kileo kikamwambia kila kitu. Genge lenye subira lingeacha spiriti ya kutosha kila pipa lipite kipimo. Waliingiwa na tamaa.

#10 Mgeni_Njia

Nilitaka kuuliza bunduki. Ile yenye ngoma ya duara walizipataje kirahisi hivyo?

#11 Kisiki_Mbele

Dukani. Thompson ya 1921 ilichelewa vita vya kwanza, kampuni ikabaki na mzigo, na hakukuwa na sheria ya nchi nzima ya kuzuia raia. Bei kama dola 200. Risasi zake ni za kaliba .45, kasi kwenye 800 kwa dakika, maana yake ngoma ya risasi 50 inaisha chini ya sekunde 4. Ngoma inajazwa na kukazwa spiringi kwa ufunguo, ikikazwa vibaya risasi zinakwama. Mdomo unanyanyuka ukifyatua mfululizo, kwa hiyo mbali haina maana, na watu wasio na hatia walikufa kwa hilo. Mwaka 1934 sheria ya silaha iliweka kodi ya dola 200 kwa kila mauziano, bei ya bunduki yenyewe.

Tarehe 14 Februari 1929, gereji ya 2122 North Clark, watu 7 wa upande wa Bugs Moran, bosi wa kaskazini wakati huo na hasimu wa Capone, au waliokuwa nao walipangwa ukutani, mmoja akiwa fundi magari na mwingine mtaalamu wa miwani. Wauaji wawili walivaa sare za polisi, ndiyo maana waathirika waligeuka ukutani bila kupigana: walidhani ni msako wa kawaida. Moran alichelewa, akaona gari la polisi, akageuza. Ganda za .45 zilizookotwa zilikuwa 70. Calvin Goddard, mtaalamu wa kuchunguza silaha, alizipiga darubini akasema bunduki ni mbili, moja ya magazini ya 20 na nyingine ya ngoma ya 50, na akafyatua Thompson za polisi wenyewe kuonyesha kwamba si zao. Desemba mwaka huo, nyumbani kwa mhalifu Fred Burke kule Michigan, baada ya kuuawa askari mmoja, zikapatikana Thompson mbili, na alama za risasi zikalingana. Hakuna aliyewahi kushtakiwa mahakamani kwa mauaji yale ya watu saba.

#12 Hati_Idhini

Na kesi ya Capone iandikwe sawasawa, kwa sababu wengi wanaamini Ness ndiye aliyemfunga.

Msingi ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1927 katika shauri la Sullivan, muuza pombe wa South Carolina: mapato haramu nayo yanalipiwa kodi, na huwezi kukwepa kujaza fomu kwa kisingizio cha kutojitia hatiani. Kuanzia hapo Kitengo cha Upelelezi cha Kodi chini ya Elmer Irey kikawa na silaha.

Ugumu ulikuwa kuthibitisha kipato. Capone hakuwa na akaunti benki wala mali kwa jina lake. Bia yake haikuacha karatasi yoyote. Frank Wilson, mpelelezi wa kitengo hicho, alifanya kazi pande mbili. Kwanza matumizi: bili za hoteli, simu, samani, suti, nyumba ya Florida, kwa maana kwamba anayetumia anapata. Pili, kwenye kabati la zamani akakuta madaftari yaliyokamatwa 1926 kwenye nyumba ya kamari kule Cicero. Yalikuwa na safu za faida na mgao. Akalinganisha mwandiko na hati za kuwekea fedha benki mpaka akampata karani, Leslie Shumway, Florida. Akapatikana pia keshia mwingine, Fred Ries. Na wakili wa Capone mwenyewe, Mattingly, akitafuta maelewano, aliandika barua Septemba 1930 akikubali kwamba mteja wake alipata hadi dola 26,000 mwaka 1926, 40,000 mwaka 1927 na si zaidi ya 100,000 kwa 1928 na 1929. Barua ya kutafuta suluhu ikasomwa kama ushahidi. Wanasheria vijana, hiyo barua isomeni.

Capone alikiri akitegemea miaka miwili na nusu. Jaji Wilkerson akasema mahakama haifungwi na makubaliano, naye akaondoa kukiri kwake. Watu wake wakahonga wanajuri, jaji akapata habari, na asubuhi ya kesi akabadilishana kundi zima la wanajuri na jaji mwenzake. Tarehe 17 Oktoba 1931 akatiwa hatiani kwa makosa 5 ya kodi, tarehe 24 akapewa miaka 11 na faini ya dola 50,000. Mashtaka ya Ness ya pombe, makosa 5,000, hayakusikilizwa kabisa.

#13 Mgeni_Njia

Na bia iliporuhusiwa 1933 magenge yalifanyaje? Yalikufa?

#14 Kisiki_Mbele

Bia ya asilimia 3.2 kwa uzito iliruhusiwa tarehe 7 Aprili 1933, na Marekebisho ya 21 yaliyofuta ya 18 yakaridhiwa tarehe 5 Desemba 1933, Utah ikiwa jimbo la 36. Biashara ya pipa la dola 55 ilikufa karibu mara moja, kwa sababu kiwanda halali chenye reli na majokofu kilishusha bei ambayo lori la usiku lenye polisi wa kulipwa lisingeweza kuifikia. Waxey Gordon, aliyekuwa mfalme wa bia wa New Jersey, alifungwa miaka 10 kwa kodi siku chache kabla ya kufutwa kwa marufuku. Wenye mtandao wa malori, mabaa na polisi walihamia kwenye kamari, mashine za sarafu na vyama vya wafanyakazi.

Pombe kali haikufa hivyo. Mwaka 1934 serikali iliweka ushuru wa dola 2 kwa galoni ya spiriti ya nguvu ya kawaida, na mtambo wa sukari usiolipa ushuru bado ulikuwa na faida nene. Mwaka huohuo Hazina ikaunda Kitengo cha Kodi ya Pombe, na kwa miaka iliyofuata maofisa wake waliendelea kubomoa mitambo mijini na vijijini kama zamani, ila sasa kosa lilikuwa kukwepa ushuru.

#15 Tindikali

Ongezea kwamba Mississippi ilibaki kavu kisheria mpaka 1966, na kwa miaka mingi kabla ya hapo jimbo lenyewe lilikuwa linatoza kodi ya soko la magendo kwa wauzaji wa pombe iliyokatazwa.

#16 Hati_Idhini

Na wauzaji walilipa. Hukumu ya Sullivan ilikuwa imeshawafundisha.